Maharage ya Chuo

Mshereheshaji alikuwa kijana mwenye sauti nzuri, na simlaumu, kwa sababu alisoma alichoandikiwa. Nilikuwa nimekaa safu ya nne katika ukumbi wenye viyoyozi, kando ya binti wa kaka yangu, Tumaini, ambaye anasoma hapo mwaka wa tatu na ndiye aliyenibembeleza nije kwenye jubilei ya chuo chao. Kijana yule alisoma historia ya chuo. Akataja maabara, hospitali ya kufundishia, tafiti ambazo watu wa ng'ambo wanapanda ndege kuja kuzitazama, na vijana wanaogombea nafasi kila mwaka hadi wengine wanarudi kwao wakilia. Lakini mwanzo kabisa, kabla ya sifa zote hizo, alikuwa amesoma sentensi moja: "Eneo la awali, katika milima ya Mbinga, liliachwa kutokana na mgogoro wa ardhi na wananchi." Basi, imekwisha. Watu wakapigia makofi picha iliyofuata ukutani. Mimi nilibaki na mikono mapajani. Tumaini akaninong'oneza, akitaka kujua kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nina hasira. Akacheka, akidhani namtania.

Naandika sura hii na hasira hiyo hiyo, kwa hiyo msomaji anivumilie nikipandisha sauti. Habari za kuzaliwa kwangu na za wazazi wangu sitazigusa hapa. Wao hawakuwa na kosa lolote katika jambo hili. Itoshe kujua kwamba naitwa Edina, mtu wa Kihagara, mtoto wa ziwani, na kwamba nilipomaliza kidato cha sita nilikuwa na nafasi ya chuo cha ualimu mkononi, nikaiacha. Niliiacha kwa ajili ya chuo hiki chenye viyoyozi, wakati ambapo hakikuwa na jina, wala mlango wake mwenyewe, wala choo. Nilikaa nacho mwaka mmoja, kutoka msimu wa kahawa hadi msimu wa kahawa, na mwaka huo mmoja umenikaa kooni kuliko miaka yote niliyofundisha shule baadaye.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Kila kitu kilikuwa kimefunguliwa kwa mpigo, mabasi, maduka, nguo za mitumba, kahawa, na mwisho tukaambiwa kwamba hata chuo kikuu si lazima kiwe cha serikali. Ndipo akarudi Daktari Gaudensi. Alikuwa mzaliwa wa Maguu, kwenye milima hiyo ya Mbinga, aliyepelekwa seminari angali mdogo, kisha akaenda kusoma na kufundisha Ulaya mpaka nywele zikaanza mvi, na sasa alikuja na wafadhili na ndoto ya chuo kikuu binafsi cha utafiti, kijengwe huko huko milimani, katikati ya wakulima wenyewe. Hakuwa na jengo. Alipewa ghala la chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, ambalo lilikuwa tupu tangu wanunuzi binafsi waanze kuwafuata wakulima majumbani na mizani zao. Lilikuwa na sakafu ya zege iliyopasuka na madirisha ya nondo, na harufu ya kahawa ya maganda ilikuwa imeingia kwenye kuta kiasi kwamba hata madaftari yetu yalinukia. Tulikalia magunia ya katani yaliyokunjwa. Tulikuwa vijana wachache, tusingejaza mabenchi mawili kama mabenchi yangekuwepo. Makubaliano yalikuwa wazi: asubuhi tumsaidie Daktari kukusanya habari za utafiti wake, mchana atufundishe, na mwaka ukiisha, jengo likianza, sisi ndio tuwe wanafunzi wa kwanza wa chuo kikuu, bila karo. Kwa mtoto wa kike wa Kihagara wa wakati ule, lo, hiyo haikuwa ahadi ndogo.

Mimi nilipangiwa kuishi kwa Mzee Osmundi, mwenye mji mkubwa juu ya barabara ya kwenda parokiani. Chumba changu kilipakana na jiko, na hilo lilikuwa bahati yangu, maana baridi ya Maguu mwezi wa sita si ya mchezo kwa mtu aliyezoea joto la ziwani. Nililala na sweta, soksi na kitenge kichwani, na bado nikaamka meno yanagongana. Mke wa Mzee, Mama Hyasinta, alikuwa akinicheka waziwazi. Aliniita "mtu wa samaki". Kila nilipomwamkia, "Shikamoo mama," alijibu marahaba na kuniuliza kama usiku sikuganda. Asubuhi alinipa uji wa mahindi na kiazi cha kuchoma, nami nikirudi likizo kutoka kwetu nilimletea usipa waliokaushwa, samaki wadogo wa ziwani, ambao aliwapika na karanga huku akilalamika kwamba wana macho mengi. Tulipendana hivyo, kwa kuchokozana.

Jioni wanaume wa ukoo walikuwa wakikusanyika kwa Mzee Osmundi kula pamoja. Kila mke alileta chakula alichopika kwake, kikawekwa katikati, wakala na kuzungumza mambo yao: mpaka wa shamba, mtoto aliyeshindikana, mahari, mgonjwa. Wamatengo, wenyeji wa milima ile, wanaiita sengu. Sisi wanawake tulikula jikoni, na ukuta wa jiko ulikuwa wa fito, kwa hiyo kila neno lililosemwa barazani lilitufikia likiwa zima. Mama Hyasinta ndiye aliyenifundisha jinsi ya kusikiliza. Aliniambia nisihangaike na maneno yao, maana wanaume husema mengi, nisikilize tu nani anakula. Jambo likishazungumzwa halafu watu wakanawa na kula pamoja, jambo hilo limefungwa. Asiyekubali, hali chakula. Anaweza kukaa, anaweza hata kucheka na wenzake, lakini mkono wake hauendi kwenye chungu, na kila mtu anajua.

Ni kwenye sengu hiyo ndiko ardhi ya chuo ilikotolewa. Daktari alikuja jioni moja, akakaa kwenye kigoda akiwa na suruali yake ya mikunjo, akaomba mgongo wa mlima ulio ng'ambo ya kijito, ambao ukoo ulikuwa umeupumzisha kwa miaka kadhaa ukaota majani marefu. Mdogo wake Mzee Osmundi alipinga. Alisema chuo si mahindi, watoto watakula nini. Mzee akamjibu kwamba mahindi tumekula tangu babu zetu, na bado anayekuja kutueleza bei ya kahawa yetu ni mtoto wa mtu mwingine. Wakabishana mpaka chakula kikapoa. Kisha Mzee akanawa, Daktari akanawa, na baada ya muda yule mdogo mtu naye akanawa, na jikoni Mama Hyasinta akapumua. Nilichosikia mwishoni ni sauti ya Mzee akisema kwamba wao na mtoto wao Gaudensi wamemaliza, bado wenye chuo wenyewe, wale wageni wa ng'ambo. Wakija watakula chakula kilichotoka kwenye mgongo ule, na hapo ardhi itakuwa yao. Daktari akaitikia, "Sawa, baba." Nilimsikia kwa masikio yangu. Wiki chache baadaye wapima ardhi wakaja, wakasimika bikoni zao za zege, alama za mipaka, kwenye majani, wakaondoka.

Daktari alikuwa mwalimu mzuri, hilo siwezi kumnyima hata leo. Alituteremsha ziwani mpaka Lituhi, tukachukua maji ya ziwa kwenye chupa na kuwauliza wavuvi maswali ambayo wao waliyaona ya kipuuzi lakini wakayajibu kwa heshima. Jioni ile tulikula ugali wa muhogo na samaki mbasa mchangani kwa wenyeji wetu, na yeye akavua viatu, akakunja suruali, akawa mtu tofauti kabisa na yule wa ghalani. Mimi nilikuwa nimeshapata barua ya pili ya chuo cha ualimu, wakiuliza kama nakuja au nafasi wampe mwingine. Nikamwambia. Aliweka tonge chini. "Edina," akasema, "ninyi ndio wa kwanza. Chuo hiki kifike popote, hakuna mtu atakayewatangulia." Niliamini. Wala sikuamini kwa ujinga. Niliamini kwa sababu alilisema huku anakula nasi, na mimi nilikuwa nimeshajifunza kusikiliza nani anakula. Nikawaandikia ualimu kwamba siji.

Mvua zilipokaribia kupungua, mwezi wa tatu, niliamka asubuhi moja nikaukuta mji mzima umehama. Jiko baridi, uwanja kimya. Nilitoka nje nikaona ng'ambo ya kijito ukoo wote umejaa kwenye mgongo wa chuo, wanaume wanafyeka majani na kuyalaza kwa mistari iliyopishana, wanawake nyuma yao wanachimba katikati ya kila mraba na kuyafunika majani kwa udongo. Walikuwa wanachimba ngoro. Asiyeijua ngoro aelewe tu kwamba Wamatengo hulima milima mikali kwa kuitoboa mashimo mengi, kila shimo na kingo zake, hivi kwamba mvua ikinyesha maji yanatulia mashimoni badala ya kushuka na udongo. Ukiutazama mlima huo kwa mbali utadhani umefumwa. Nilivuka kijito nikamuuliza Mama Hyasinta kulikoni, hii si ardhi ya chuo? Akaniona mjinga. Akasema hasa, ni ya chuo, ndiyo maana. Majani yalikuwa lazima yafyekwe kwa ajili ya ujenzi, na mlima ukishafyekwa huwezi kuuacha uchi mvua ikaubeba, halafu ukamwambia mgeni shika, ardhi yako hii. Unampa ikiwa imeshikwa vizuri. Na maharage watakayopanda yatakuwa tayari wageni wakija, wale chakula cha mgongo wao. Nikauliza kama Daktari ameambiwa. Mama Hyasinta akasimamisha jembe. "Mtu unamwandalia mgeni kitanda," akasema, "unaenda kumwomba ruhusa?" Wanawake wakacheka. Wakanipa jembe, wakanicheka tena, kwamba watu wa samaki shimo lao la kwanza huwa kama kaburi la kuku. Nilichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Daktari alikuwa Dar es Salaam wakati huo akishughulikia vibali, na hakurudi ila na wageni wenyewe.

Walikuja mwezi wa sita, gari mbili: wazungu wawili, mwanamume na mwanamke, ofisa mmoja wa ardhi, na Daktari mbele. Kahawa ilikuwa inaiva. Mama Hyasinta alikuwa ameamka mapema kuchuma maharage mabichi ng'ambo ya kijito, akayapika na nazi iliyopandishwa kutoka kwetu ziwani, kwa heshima. Tulivuka kijito wote. Mlima ulikuwa kijani kuanzia chini hadi juu, maharage yamejaa mashimo yote, na mimi nilijisikia fahari kama kwamba ni shamba langu. Kisha nikaona uso wa yule mama wa kizungu. Alikuwa anatafuta bikoni. Bikoni zilikuwepo, lakini ndani ya maharage, na moja ilikuwa imezungushiwa ukingo wa shimo kwa ustadi, ili isitikisike. Ofisa wa ardhi akapiga mluzi, akasema kwa Kiswahili, kwa wote kusikia, kwamba eneo limevamiwa.

Yule mzungu wa kiume akamuuliza Daktari nani aliyeruhusu kilimo hiki. Daktari akamgeukia Mzee Osmundi akamuuliza hivyo hivyo, nani kalima hapa. Na Mzee, maskini, akajinyoosha. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. "Mimi," akasema. "Na ukoo wangu wote." Alisema kwa furaha. Alikuwa anasubiri kushukuriwa. Daktari akatafsiri majibu yale kama yalivyo, neno kwa neno, hakuongeza uongo hata chembe, na hakuongeza kitu kingine chochote. Nilingoja aendelee. Nilingoja aseme kwamba hii ndiyo namna watu hawa wanavyokabidhi ardhi, kwamba ni zawadi, kwamba bila hivyo mlima ungekuwa umeshashuka kijitoni. Alikuwa ametufundisha habari za ngoro ubaoni, ghalani, na michoro! Sasa alikuwa anatazama viatu vyake. Nikasogea nikaanza kusema mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha kidato cha sita, kwamba samahani, wamewaandalia. Daktari akanishika kiwiko. "Edina, si wakati wake," akasema kwa sauti ya chini. "Nitawaeleza kwa utaratibu." Nikanyamaza, kwa sababu alikuwa mwalimu wangu na mtu mzima, na kwa sababu nilidhani utaratibu upo.

Barazani kwa Mzee chakula kilikuwa kimetengwa. Maji ya kunawa, taulo jipya, bakuli la maharage katikati linatoa mvuke. Wageni walishukuru sana. Walikuwa na mikate yao kwenye gari na maji ya chupa, kwa sababu ya matumbo, wakasema, na haraka ya kuwahi Songea. Wakala wakiwa wamesimama kando ya gari. Daktari alisimama katikati, kati ya baraza na gari, na kwa dakika chache hizo nilimwona hajui aende wapi. Akaenda kwenye gari. Mzee Osmundi alikuwa ameshanawa. Alikaa na mikono yake mibichi ameiinua kidogo mbele yake mpaka ikakauka yenyewe. Mdogo wake akasema, "Hawakula."

Chuo hakikurudi. Siku za mwanzo tuliendelea kwenda ghalani na kukalia magunia yetu, kisha tukasikia kutoka kwa dereva kwamba kuna mkoa mwingine umetoa eneo safi lisilo na migogoro, karibu na lami. Daktari alituandikia maneno mazuri, kwamba tunakaribishwa kuomba nafasi kama waombaji wengine, karo itakuwa hivi na hivi. Kama waombaji wengine! Mwaka mzima nimebeba chupa za maji ya ziwa, nimechimba mlima kwa mikono hii, halafu nipange foleni nyuma ya watu ambao hawajawahi kumwona hata huyo Daktari. Kwetu hakuna aliyeweza karo ile. Niliwaandikia ualimu, wakasema nafasi imeshatolewa, nisubiri. Nilisubiri nikiuza usipa Kihagara, na waliponichukua nilikwenda, nikafundisha shule za msingi mpaka nikastaafu. Sikuwa mwalimu mbaya. Lakini kuna watu wananiambia kwamba Mungu alipanga hivyo, na mimi nawajibu kwamba Mungu hakuwepo kwenye gari ile, aliyekuwepo ni Daktari.

Nimejiuliza sana kama hakuelewa. Wapo wanaomtetea, kwamba aliondoka mdogo, seminari ikamlea, hakuwahi kushika jembe kwao. Ningependa kukubali. Lakini kilichokipa chuo hiki jina duniani, kilichowaleta wale wa kupanda ndege, ni nini? Ni ngoro. Daktari Gaudensi aliandika kuhusu mashimo yale, na wanafunzi wake wakaandika, na leo nyuma ya maktaba kuna kilima cha kufinyanga chenye ngoro ndogo za mfano, zimewekewa uzio na kibao. Tumaini alinipeleka kuziona asubuhi ile kabla ya sherehe. Hakuna kitu kilichopandwa ndani. Mtu aliyeandika vitabu juu ya ngoro alijua ngoro zile zilikuwa zinasema nini. Alijua, akaona aibu ya watu wake mbele ya wageni, na aibu hiyo ikawa ndiyo historia. Amekwisha kufa, ukumbi una jina lake, na mimi sina wa kumuuliza. Maguu nako ule mgongo unalimwa hadi leo, na watu wameuita Chuo. Utamsikia mtu asubuhi anaaga kwamba anakwenda Chuo kupalilia.

Baada ya hotuba tulipelekwa kwenye mahema kula. Kwa kuwa nimevaa kitenge cha heshima na nina mvi, wahudumu waliniweka meza moja na Makamu Mkuu wa chuo, mtu mpole, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Pilau, kuku, kachumbari, na mnajua tena, kwenye sherehe kama hizo maharage hayakosi. Tangu asubuhi nilikuwa nimekunywa chai tupu. Njaa ilikuwa inaniuma kweli. Nilinawa, halafu nikaiangalia sahani yangu na mikono yangu mibichi, na nikaona kwamba haiwezekani. Makamu Mkuu akaniinamia. "Mama, mbona huli?" Nikamwambia kwamba nikila nitakuwa nimekubali ile sentensi. Akauliza sentensi ipi. Nikamweleza, yote, tangu majani kufyekwa mpaka mikate ya kwenye gari, na nilieleza vizuri, kwa utaratibu, kama mwalimu. Alinisikiliza huku anatafuna, akitikisa kichwa pale panapostahili, akasema hii ni historia muhimu sana, lazima ije ihifadhiwe. Kisha akamwita mhudumu pembeni akamnong'oneza. Mhudumu akaichukua sahani yangu, akarudi na nyingine yenye mboga za kuchemsha na kipande cha samaki kisicho na chumvi. Akaniambia nisijali, mama, wenye sukari wametengewa chakula chao.